Dirisha la Upande wa Mto

Picha yenyewe alipigwa hajajiandaa. Siku hiyo hakuwa anapika chakula chochote cha asili. Alikuwa anamchemshia mumewe maji ya kuoga, ameinama juu ya mafiga, shavu limemvimba kwa kupuliza kuni mbichi, na mpigapicha akatokea mlangoni akafyatua mara tatu, akasema asante, akaondoka. Miezi minne baadaye ile picha ikasimamishwa gatini, kubwa kuliko mlango wa nyumba, na chini yake yakaandikwa maneno ya kuwakaribisha wageni waje kuona kijiji cha kale cha mtoni, wale chakula cha wenyeji na wasikie historia yao. Jina la mwanamke halikuandikwa. Majirani wakaanza kumwita Bi Picha, kwa utani tu, na utani ukakaa, hadi mwanawe wa kumzaa akamwandika hivyo kwenye simu.

Tangu hapo ilikuwa imepita miaka minane. Mume alishafariki, na Bi Picha sasa alikuwa na miaka hamsini na minane, magoti yanalia kila akiinuka, na nyumba yake, ya tatu kutoka gatini, ilikuwa nyumba inayopigwa picha kuliko zote kando ya mto ule. Ilikuwa nyumba ya fito na udongo, paa la nyasi, mlango mmoja mfupi wa kumfanya kila anayeingia ainame kidogo kama anayesalimia wakubwa. Dirisha haikuwa nalo. Moshi ulijitafutia njia wenyewe kupitia kwenye nyasi za paa, na ule ulioshindwa kutoka ulibaki ndani na watu.

Mumewe ndiye aliyeweka sahihi. Ofisi ya urithi ilikuja na karatasi inayosema nyumba isiongezwe kitu wala kupunguzwa kitu, moto uwashwe ndani siku za wageni, na familia ikiihama kwa msimu mzima, nyumba itakuwa mali ya kijiji. Ofisi nayo ingeezeka paa upya kila baada ya miaka mitatu. Mume alirudi kutoka mkutanoni anacheka. "Tumepata fundi wa paa wa maisha," alimwambia mkewe, na mkewe naye akacheka, maana paa lile lilikuwa limewatesa miaka nenda miaka rudi.

Msimu wa wageni ulikuwa miezi saba. Kila wiki siku nne, saa nne asubuhi, boti ilipiga honi kwenye kona ya mto, na kijiji kizima kikaanza kujivua kama mtu anayebadili nguo. Viti vya plastiki viliingizwa uani kwa jirani. Ndoo nyekundu zilifunikwa na makuti. Bi Picha alivua viatu, akafunga kitambaa kikuukuu kichwani, akaficha simu ndani ya chungu cha unga, akaketi kwenye kigoda mbele ya jiwe la kusagia. Mashine ya kusaga ilikuwa nyuma ya nyumba ya mchungaji, hatua mia mbili tu, na unga wa kula watu wote walisaga huko. Ule wa kwenye jiwe ulikuwa wa macho ya wageni, na kila wiki ulikuwa uleule.

Kiongozi wa wageni alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu, mtu mwembamba mwenye sauti ya kujaza uwanja, aliyeitwa Msemaji tangu shule. Alikuwa na maneno yake ambayo hayakubadilika. Aliwaambia wageni kwamba watu wa hapa hawajui saa, wanaamshwa na mto na kulazwa na mto. Mara moja, katikati ya maneno hayo hayo, simu ililia ndani ya chungu cha unga. Wageni wakageuka. Bi Picha akaanza kusaga kwa nguvu, kishindo chote alichokuwa nacho, na Msemaji akakohoa, akakohoa tena, hadi simu ikachoka. Walikuja kuicheka siku ile kwa miaka. Ni mkamwana, mke wa mwanawe, aliyekuwa anapiga, anauliza chumvi iko wapi.

Vitu vya kuchekesha vilikuwepo, basi. Na wageni wengi walikuwa watu wema. Walikula samaki wa moshi na mboga za majani wakalamba vidole, wakashika kuta kwa heshima, wakamuuliza kwa lugha ya ishara kama amechoka. Walipoondoka, Bi Picha alikwenda kupika chakula chake mwenyewe kwa Msemaji, ambako jiko lake la gesi lilikuwa limehifadhiwa, kwa sababu ndani ya nyumba yake halikuruhusiwa. Kwa maneno mengine, kuni aliziwasha kwa ajili ya wageni peke yao.

Macho yalianza kwa kuwasha. Kisha asubuhi yakawa yanafunguka kwa taabu, kope zimegandana, na mwanga wa mlangoni ukawa unamchoma kama pilipili. Mwaka wa nane alipanda boti ya mizigo akaenda zahanati ya mjini, akakaa kwenye benchi tangu asubuhi, na daktari wa macho, kijana mwenye umri wa mwanawe, akamwangalia kwa kurunzi ndogo muda mrefu kuliko alivyotaka.

"Unapikia nini, mama?"

"Kuni."

"Ndani au nje?"

"Ndani."

"Nyumba ina madirisha mangapi?"

"Haina."

Daktari akaweka kalamu mezani. "Nyumba gani haina dirisha hata moja?"

"Ya kwenye picha," Bi Picha alijibu, na alipoona daktari haelewi, akasema, "Ya zamani."

Daktari hakumficha. Jicho la kushoto lilikuwa na makovu yasiyofutika. La kulia lilikuwa bado linaokoleka, ila kwa sharti la kuachana na moshi. Akampa dawa ya matone na karatasi ya kurudi baada ya miezi mitatu. "Dawa hii ni ya kusaidia tu," alisema. "Dawa yenyewe ni hewa."

Bi Picha alirudi akiwa na neno hilo moja kichwani. Hakutaka kuvunja urithi wa mtu. Alitaka dirisha, upana wa mikono miwili, upande wa mto, ambako upepo ulikuwa unapita bure mchana kutwa. Alimngoja afisa wa urithi hadi siku aliyokuja kukagua, akamtengea kigoda kizuri, akamweleza.

Afisa alikuwa mtu mpole, mwenye kuvua kofia hata mbele ya watoto. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akatoa picha ya zamani iliyofunikwa na karatasi ya nailoni, picha ya nyumba ileile enzi za mama mkwe wa Bi Picha.

"Unaona, mama? Hakuna dirisha. Tukitoboa leo, kesho mwingine ataweka mlango wa chuma, keshokutwa bati. Tutakuwa tunahifadhi nini?"

"Mama mkwe wangu aliyeijenga nyumba hii alikufa hamwoni mtu," Bi Picha alisema. "Tulikuwa tunamshika mkono kumpeleka chooni."

"Pole sana, mama. Wazee wengi huwa hivyo."

"Wa huku, ndiyo."

Afisa akaandika kitu kwenye daftari, akaahidi kulifikisha ombi hilo kwa wakubwa wake. Akala samaki wawili, akasifu mkono wake, akapanda boti.

Kabla msimu haujafika nusu, ofisi ikaandaa ziara. Watu wanane wa kijiji wangepelekwa kijiji kingine cha mtoni, mwendo wa saa tano kwenda juu, wakapokewe kama wageni, waone wenzao wanavyofanya. Jina la Bi Picha lilikuwa la kwanza.

Alifurahi kama msichana. Aliazima kanzu ya mkamwana yenye maua, akavaa viatu, akabeba mkoba. Kwenye boti alikaa mbele kabisa, na maji yalipomrukia usoni hakujipangusa. Miaka yote hiyo alikuwa ameketi chini akiwatazama watu wakishuka boti, na hakujua kwamba mto, mtu akiwa juu yake bila kazi, ni mpana namna hiyo. Waliona ndege weupe wamesimama juu ya migongo ya ng'ombe. Waliona wanawake wanafua wakawapungia, na wanawake wakawapungia kwa uchovu wa adabu ambao Bi Picha aliutambua, akashusha mkono.

Kijiji kile kilikuwa kizuri kuliko chao. Nyumba zilipangwa kwenye mteremko, zimesiribwa udongo mwekundu na mweupe, na njia zimefagiwa hadi zinang'aa. Kiongozi aliwapitisha mtaa kwa mtaa akiwaonyesha mitego ya kale, ngoma za kale, mtumbwi wa gogo moja. Alipofika kwenye maneno kwamba watu wa hapa hawajui saa, wanaamshwa na mto na kulazwa na mto, wale wanane wakatazamana. Msemaji alitazama viatu vyake.

Chakula kililetwa kwenye nyumba ya mwisho. Mpishi alikuwa mwanamke mnene, mkubwa kidogo kwa Bi Picha, ameketi kwenye kigoda mbele ya mafiga matatu, na moshi umejaa hadi fito za paa hazionekani. Bi Picha alikula. Alikula kama hajala mwaka. Samaki alikuwa mlaini, mchuzi umekolea, viazi vimeiva vikabaki vizima, na hakuna hata kimoja alichokimenya yeye. Machozi yalimtoka, na kwa mara ya kwanza hakujua kama ni ya moshi au ya nini. Tangu mama yake afariki, hakukumbuka aliyewahi kumpikia akamwandalia, akamwambia ongeza.

"Iangalieni mikono yake," kiongozi alisema. "Mama huyu hatazami chungu. Anajua kila kitu kilipo. Huu ni ujuzi wa mababu, umo ndani ya damu."

Kweli, mwanamke alinyoosha mkono bila kugeuka akachukua mwiko, akanyoosha tena akachukua chumvi, akageuza samaki kwa vidole pembeni kabisa ya moto, uso umeelekea mlangoni, anatabasamu. Watu wakapiga makofi. Bi Picha naye akapiga.

Wenzake walipotoka kwenda kutazama mitumbwi, yeye alibaki nyuma kutoa shukrani.

"Dada, nimekula nimeshiba. Mungu akubariki mkono." Akamnyooshea mkono.

Mwanamke aliendelea kutabasamu, akilitazama bega lake. Mkono wa Bi Picha ukabaki hewani.

"Umenyoosha mkono?" mwanamke aliuliza.

"Ndiyo."

"Basi nishike wewe, mdogo wangu."

Bi Picha alimshika, akaketi chini kwenye sakafu, bila kujali kanzu ya watu.

"Tangu lini?"

"La kulia lilizimika msimu wa juzi. La kushoto linaniaga polepole. Naona mlango, naona mtu kama gunia limesimama. Wewe ni gunia jembamba."

"Wanajua?"

"Kiongozi anajua. Ndiye aliyetunga hayo ya damu. Wageni wamefurahi zaidi, wallahi. Zamani walikuwa wanapiga picha, siku hizi wanapiga makofi."

"Na kwa nini usiache?"

"Nikiacha mimi, atakaa binti yangu." Mwanamke akapapasa, akaukuta mwiko, akauweka mahali pake. "Ana macho mazuri yule. Anatunga uzi kwenye sindano kwa mwanga wa jioni."

Waliandikiana namba za simu, yaani Bi Picha ndiye aliyeandika, na ya kwake akampa binti, aliyemkuta mlangoni, amhifadhie mama. Njiani kurudi alikaa nyuma ya boti, karibu na injini, ambako mtu hawezi kuongeleshwa.

Kesho yake alimwambia Msemaji kwamba hatawasha tena moto ndani ya nyumba ile. Msemaji alisikiliza, akakuna kidevu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto sita na sauti, basi.

"Tupike nje, shemeji," Bi Picha alisema. "Waambie tunapika nje, chini ya upenu. Chakula ni kilekile."

"Wanataka walichokiona, shemeji. Wamekiona ndani."

"Basi mimi sitaketi."

"Pumzika," Msemaji alisema. "Pumzika kidogo. Tutajua la kufanya."

Siku ya boti Bi Picha alikwenda mtoni kufua, makusudi. Aliporudi aliona moshi unatoka kwenye nyasi za paa lake. Ndani, kwenye kigoda chake, alikuwa ameketi mkamwana wake, msichana wa miaka ishirini na mitatu ambaye mumewe, mtoto wa pekee wa Bi Picha, alifanya kazi kiwanda cha mbao mjini na kulala chumba kimoja na wenzake watatu. Mkamwana alikuwa amefunga kitambaa kilekile kikuukuu. Mgongoni alikuwa na mtoto wake wa miezi minane, ametokeza kichwa, na wageni walikuwa wanamchekesha.

Kulipokucha Bi Picha alimuuliza, "Kwa nini ulikubali, mwanangu?"

"Baba mdogo alikuja na wazee wawili, mama. Ningewaambia nini?"

"Mwache mtoto kwangu, basi. Usiingie naye."

Akamwacha siku moja. Siku iliyofuata Msemaji alikuja mapema, akasimama mlangoni, hakuingia. "Shemeji, wageni wamempenda mtoto. Kuna waliouliza gatini kabisa, yuko wapi yule wa mgongoni. Saa mbili tu hizo. Sisi wote hatukukulia mgongoni, moshini humohumo?"

Bi Picha angeweza kukataa, na alikataa, lakini nje walikuwa wamesimama msuka vikapu, na mwenye boti ndogo, na mjane anayeuza mikeka, wanangoja jibu bila kusema kitu, na mkamwana akamchukua mtoto mikononi mwake kwa upole, akamfunga mgongoni, akaingia. Wiki tatu zilikwenda hivyo. Macho ya Bi Picha yalianza kutulia. Asubuhi yalifunguka yenyewe, na alianza kuona tena ukingo wa pili wa mto, mti mmoja mmoja. Alikaa chini ya upenu akiona vizuri, akisikia kikohozi cha mtoto kupitia ukutani.

Wiki ya nne mtoto akashikwa na kifua. Walimpeleka zahanati kwa boti ya mizigo, akalazwa siku tano, mbavu zinaingia na kutoka kama za kifaranga. Muuguzi aliuliza swali lilelile la kuni na madirisha. Mkamwana hakujibu, akamtazama mkwewe, naye akalijibu. Walipotoka, mtoto amepungua hadi nguo zinamvaa, walimkuta Msemaji anawangojea gatini na machungwa. Alimbeba mtoto hadi nyumbani. Njiani alisema kwa sauti ndogo isiyo yake kwamba Ijumaa kuna boti mbili.

Ijumaa, saa tano, wageni ishirini na mmoja walikuwa wameketi ndani kwenye mikeka na sahani zao. Mkamwana yuko kwenye kigoda. Mtoto, baada ya mabishano ya asubuhi nzima, yuko mgongoni. Msemaji anaeleza habari za mama yake aliyeijenga nyumba kwa mikono yake. Bi Picha alikwenda kwa mchungaji, akaazima mtaimbo, akauburuta hadi nyuma ya nyumba, upande wa mto. Alipima kwa mikono miwili. Akaupiga ukuta.

Pigo la kwanza liliangusha udongo tu. La tatu likavunja ufito. La tano likapita, na mwanga ukaingia ndani kama mtu aliyesukumwa, ukatua juu ya sahani za wageni na magoti yao, na moshi wote uliokuwa umejazana ukaanza kukimbilia kwenye lile tundu. Bi Picha aliendelea. Alipanua kulia, akapanua kushoto, akitoa fito kwa mikono, anahema, kitambaa kimemwanguka. Alipochungulia ndani aliona nyuso ishirini na moja zimegeuka kumtazama, na mbele ya kila uso kuna simu.

Walikuwa wanampiga picha. Wengine walikuwa wamesimama ili wapate vizuri. Mwanamama mmoja alikuwa anatabasamu na machozi ya moshi mashavuni.

Msemaji alibaki mdomo wazi kwa muda wa kuhesabu tano, muda mrefu kuliko aliowahi kunyamaza mbele ya watu. Kisha sauti yake ikarudi.

"Na hii," alisema, "ni desturi yetu ya kufungua ukuta. Mama mkubwa wa nyumba huufungua mara moja kila msimu, hewa njema iingie, baraka ziingie. Mmebahatika sana."

Wakapiga makofi. Bi Picha alisimama pale nje na mtaimbo mkononi, jasho linamwingia machoni, akawatazama wakipiga makofi. Hakuwa amefikiria kitu cha kusema baada ya ukuta kuvunjika. Alidhani ukuta wenyewe utatosha kusema. Mkamwana peke yake ndiye aliyekuwa hapigi. Alikuwa amekwisha kumfungua mtoto mgongoni, amemweka kwenye mwanga, karibu na tundu.

Afisa wa urithi alifika Jumatatu. Mkutano ulifanyika uwanjani, watu wote wakahudhuria. Alivua kofia. Alisema sheria ingemruhusu kuiondoa nyumba kwenye orodha, na nyumba ikiondolewa, lile bango la gatini litaondolewa, na boti zitakwenda kijiji cha juu. Alisema pia yeye ni binadamu, ana mama. Kwa hiyo ametafuta njia ya kati. Tundu libaki. Ila kitengenezwe kifuniko cha fito na udongo, kifanane kabisa na ukuta, na siku za wageni kifuniko kiwe kimefungwa.

Watu wakashusha pumzi. Bi Picha akanyoosha mkono.

"Moto tunauwasha ndani siku gani?"

"Siku za wageni, mama."

"Na dirisha tutalifungua siku gani?"

Afisa alitazama daftari lake, kana kwamba jibu limo humo. "Siku nyingine zote."

Bi Picha aligeuka kuwatazama majirani zake. Aliwajua wote tangu alipoletwa bibi harusi kwenye mtumbwi. Msuka vikapu alikuwa anachambua ukucha. Mwenye boti ndogo alitazama mto. Mjane wa mikeka ndiye peke yake aliyeinua uso, na macho yake yalikuwa mekundu kama ya Bi Picha, maana naye alipikia kuni maisha yake yote.

"Tuhurumie, Bi Picha," alisema. "Tuna nani mwingine?"

Hakuna aliyemlazimisha. Hilo ndilo alilokuja kumweleza mwanawe kwenye simu baadaye, mwana alipokuwa anafoka na kusema atakuja kulichoma bango. Hakuna aliyemfunga kamba. Kila mtu alimwomba kwa adabu, na mtu akiombwa kwa adabu na watu mia mbili, atapita wapi?

Alitaja sharti lake papo hapo uwanjani. Atarudi kwenye kigoda yeye mwenyewe. Mkamwana na mtoto wataondoka kijijini kabla ya boti inayofuata, wakaishi na mwenye mke, na wasiitwe tena kwa ajili ya wageni, msimu huu wala mwingine. Kama msimamizi wa kiwanda anataka barua ili atoe chumba cha familia, afisa aiandike sasa hivi, kwenye daftari hilo hilo. Afisa akaandika.

Mkamwana alilia siku ya kuondoka. Alisema atabaki, watapokezana, siku mbili huyu, siku mbili yule. Bi Picha alikuwa anamfunga mtoto kofia.

"Ukibaki mwaka mmoja utabaki kumi," alisema. "Mimi nilikuja kukaa hadi mavuno tu. Mume wangu alisema baada ya mavuno tutahamia mjini."

"Lini hiyo, mama?"

"Kabla mumeo hajazaliwa."

Boti ya mizigo iliondoka imejaa magunia na kuku, mkamwana ameketi juu ya sanduku lake, na Bi Picha akasimama gatini hadi walipopita kona. Aliwaona vizuri hadi mwisho. Wiki zile za hewa zilikuwa zimemsaidia sana.

Sasa ni msimu wa pili tangu kifuniko kitengenezwe. Fundi alifanya kazi nzuri, mtu akisimama nje hawezi kuliona dirisha. Siku tatu za wiki Bi Picha hukiondoa, akaketi karibu na dirisha kuchambua mboga, akaangalia mto. Siku nne hukirudisha mwenyewe, hukikandamiza kwa kiganja, na kuketi kwenye kigoda. Msemaji ameongeza hadithi ya kufungua ukuta kwenye maneno yake, na wageni huuliza kama leo ndiyo siku yenyewe. Ile ya kurudi zahanati baada ya miezi mitatu alikwenda, daktari akaangalia, akauliza kama ameacha. Alisema amepunguza.

Mtoto ametembea. Walimtumia picha amesimama kwenye sakafu ya saruji, ameshikilia ndoo. Bi Picha huisogeza karibu na jicho la kulia ili aione.

Siku za kupumzika hupiga simu kijiji cha juu. Binti hupokea, humpa mama yake, na wawili hao huongea kama watu waliokua nyumba moja. Wiki iliyopita mto ulijaa huko juu, gati likafunikwa, wageni hawafiki.

"Wamesema siku kumi," mwenzake alimwambia. "Nimelala hadi jua limenichoma miguu. Binti anapika kwa gesi, mimi nakula tu. Huku kwenu maji yamefika?"

Bi Picha alichungulia dirishani. Maji yalikuwa yamepanda kidogo, yamekuwa na rangi ya chai, yanapita na majani.

"Bado," alisema. "Yako chini ya ngazi ya tatu ya gati."

"Yatafika. Yakitoka kwetu hayana pengine pa kwenda. Omba yafike."

"Nikiomba nitawaharibia watu."

"Basi nitakuombea mimi," mwenzake alisema, na wote wawili wakacheka hadi Bi Picha akakohoa, akaishikilia simu mbali hadi kikohozi kikapita, kisha akairudisha sikioni akamuuliza leo wamepika nini.